Uliza Ujibiwe: Silaha, Mlango wa Nyumba na Mkono wa Dola

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini, Muheza, Pangani na Handeni. Nyingine tumezijibu kwa urefu, nyingine kwa mistari michache, kwa kadiri jambo lenyewe linavyohitaji. Namba za vifungu vya sheria tumeziacha kwa makusudi. Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha namba za vifungu vingi, na anayesoma namba ya zamani mbele ya askari au karani anaweza kuonekana hajui anachodai. Taja jina la sheria na sura yake, kisha mwombe msaidizi wa kisheria au wakili akuonyeshe kifungu katika toleo jipya.

Ndugu wahariri, nina duka la jumla Makorora na kila jioni natoka na fedha za mauzo. Nataka bastola. Rafiki yangu ana mtu wa kuniuzia, anasema karatasi zitafuata baadaye. Nianzie wapi?
*Mwenye duka, Makorora*

Anza kwa kumkatalia rafiki yako, tena leo. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Sura 223, leseni hutangulia na silaha hufuata. Ukiipokea bastola kabla ya leseni, umekuwa na silaha haramu tangu dakika hiyo, hata kama barua ya maombi imo mfukoni. Kosa hilo hushitakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura 200. Kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kinahitajika, dhamana inakuwa safari ndefu, na kifungo kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Isitoshe, hujui bastola hiyo ilitumika wapi kabla ya kukufikia.

Njia halali inaanzia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wako. Unaandika barua ya maombi, kikao cha mtaa kinakujadili, na muhtasari wake unapanda kwenda kata, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, Kamati ya Usalama ya Wilaya, mkoani, hadi kwa Msajili wa Silaha. Uwe umetimiza miaka 25, uwe na akili timamu, usiwe na historia ya makosa ya ukatili, na uwe umefunzwa kutumia silaha na kupata cheti. Leseni inakutaja wewe na silaha moja yenye namba yake. Mkeo, mwanao na mfanyakazi wako hawamo.

Maombi mengi hukwama mwanzoni kabisa. Muhtasari unakuja bila tarehe, bila orodha ya waliohudhuria au bila muhuri. Jina la kitambulisho cha taifa halifanani na la leseni ya biashara. Sababu imeandikwa "kujilinda" basi. Andika sababu inayoweza kupimwa: unabeba fedha za nini, saa ngapi, kwa njia ipi, na kama uliwahi kuvamiwa, weka namba ya RB ya taarifa uliyotoa polisi. Eleza pia utaitunza wapi. Asiye na kasha la chuma lililofungwa ukutani hana jibu la swali hilo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Uamuzi wa ofisi ya umma unaweza kupelekwa Mahakama Kuu ili uchunguzwe kama ulifuata sheria, lakini ombi la ruhusa ya kufungua shauri hilo lina ukomo wa miezi 6. Wengi huzimaliza wakimfuatilia mtu wa kuwasemea.

Wakati unasubiri, punguza kinachokuvutia maadui. Weka fedha kwa wakala au benki mchana mara mbili badala ya kubeba mzigo mmoja jioni, badilisha saa na njia, na usihesabu noti kaunta. Mtu anayevamiwa kutoka nyuma na wawili waliopakizana kwenye pikipiki hapati nafasi ya kuchomoa bastola. Kinachotokea ni kwamba wanaondoka na fedha na bastola pamoja, na sasa wewe ndiye unayetakiwa kukimbilia polisi kuripoti silaha iliyopotea kabla haijatumika kwingine.

Barazani kwetu mjadala hauishi. Marekani raia ana haki ya bunduki ili serikali isimwonee. Mbona Katiba yetu haina kitu hicho?
*Wanabaraza, Barabara ya 9, Ngamiani*

Mnachokisema kimo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa 1791. Maneno yake yanataja wanamgambo na haki ya watu kuwa na silaha, na kwa zaidi ya karne mbili wanasheria wa huko walibishana kama haki ni ya mtu mmoja mmoja au ya kikosi cha wanamgambo. Mwaka 2008, katika shauri la District of Columbia v. Heller, Mahakama ya Juu iliamua ni ya mtu binafsi anayejilinda nyumbani kwake. Mwaka 2010 uamuzi huo ukaenezwa hadi kwa majimbo na miji, na 2022 ukafika kwenye kubeba silaha nje ya nyumba. Hata hivyo, hukumu ya 2008 yenyewe ilisema haki hiyo ina mipaka: wahalifu waliotiwa hatiani, wagonjwa wa akili, maeneo kama shule.

Katiba yetu ya 1977 iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Inalinda uhai katika Ibara ya 14, uhuru wa mtu katika Ibara ya 15, faragha na maskani katika Ibara ya 16, mali katika Ibara ya 24. Bunduki haimo. Ibara ya 147 inakwenda upande wa pili kabisa: inakataza mtu au chama chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Kwa hiyo kwetu silaha ni ruhusa inayotolewa kwa leseni na inaweza kuondolewa.

Je, raia amebaki mikono mitupu? Hapa tuna msimamo na tunausema wazi. Pwani hii iliwahi kupambana na utawala kwa bunduki. Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, na wakamnyonga Pangani Desemba 1889, kwa sababu waliokuja walikuwa na meli za kivita na mizinga. Tangu tuwe na Katiba yenye haki, kilichowahi kuirudisha dola nyuma ni hukumu. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete, ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana washitakiwa wa aina fulani. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilibatilisha sharti la kuiomba Serikali ridhaa kabla ya kuishitaki. Kila anayeishitaki Serikali leo bila kuiomba ruhusa anafaidi hukumu hiyo. Mnaosema mahakama ni polepole mna haki. Lakini bunduki ya raia mmoja mbele ya kikosi cha polisi haiharakishi chochote, inampa askari sababu halali ya kufyatua.

Mume wangu amefariki wiki iliyopita, na mimi niko edani. Kwenye kabati ameacha bastola na risasi. Watoto wapo. Shemeji anataka aichukue aitunze kwake. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Raskazone*

Pole sana mama, Mungu akupe subira. Shemeji asiichukue. Leseni ya silaha hairithiwi kama shamba. Ilikuwa ya marehemu, na yeyote atakayetembea nayo mitaani leo, kwa nia njema yoyote, ataonekana ana silaha isiyo yake.

Msiishike. Funga kabati, funga chumba, ufunguo uwe kwako. Kwa kuwa uko edani, shemeji au mwanao mkubwa aende kituoni mikono mitupu, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wakiwa na nakala ya leseni na ya cheti au kibali cha mazishi. Waombe askari aje kuichukua nyumbani. Tunasisitiza hili kwa sababu watu huambiwa kwa simu "ileteni tu", wakakutwa nayo njiani na askari wa doria asiyejua habari hizo.

Askari akifika, afungue na kuitoa risasi mwenyewe. Mkabidhiwe hati yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya magazini na risasi, tarehe, saa, jina na namba ya askari aliyepokea. Hesabuni risasi pamoja kabla ya kuandika. Atakayeitaka baadaye katika warithi ataomba leseni yake kuanzia mtaani, kama mtu mwingine yeyote.

Tuongeze neno kwa wenye silaha walio hai. Ajali nyingi za bastola hutokana na kupindua mpangilio wa kuitoa risasi. Mdomo ukiwa umeelekea mahali salama na kidole kikiwa nje ya kifyatulio, magazini hutoka kwanza, ndipo sehemu ya juu huvutwa nyuma ili risasi iliyo chemba, yaani ile iliyokaa nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa, itoke, halafu unaangalia chemba kwa macho na kwa ncha ya kidole. Anayevuta kwanza na kutoa magazini baadaye ameitoa risasi moja na kuingiza nyingine, na anadhani ni tupu. Ukifyatua kwenye uwanja wa mafunzo na risasi isilie, usiigeuze kuitazama: ielekeze mbele angalau sekunde 30, kwa kuwa baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kushika.

Na unyevu ndio adui wa silaha Tanga. Upepo wa bahari una chumvi, kutu huanza ndani ya mtutu usikoona. Ala ya ngozi ni ya kubebea, usiilaze silaha humo, ngozi inakunywa maji na kuyashikilia. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, iweke kwenye kasha kavu, risasi ziwe kwenye sanduku lingine lenye kufuli lake. Kasha likomewe kwenye ukuta wa tofali au zege kwa bolti, maana kasha dogo lisilofungwa mwizi hulibeba lilivyo.

Wezi wanamaliza machungwa yangu Muheza. Nina bunduki yenye leseni. Nikimkuta mtu juu ya mti usiku, nikampiga risasi, sheria inanilinda? Na mlinzi wangu naweza kumwachia?
*Mkulima, Muheza*

Hapana kwa yote mawili, na la kwanza linahitaji maelezo.

Kanuni ya Adhabu, Sura 16, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Ukizidisha unawajibika kwa kosa lolote lililotokana na ziada hiyo, na ikiwa mtu amekufa kwa nguvu iliyopita kiasi, sheria inalitaja kosa lako kwa jina: kuua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Haki hiyo inafika hadi kwenye kuua pale tu unapoamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mifano ya sheria ni shambulio linaloweza kukuua au kukujeruhi vibaya, kubaka au kulawiti, kuteka mtu, kuvunja nyumba usiku, unyang'anyi, kuchoma moto.

Sasa mweke mtu wako kwenye maneno hayo. Yuko juu ya mti, ana gunia, hana panga mkononi, na akikuona atakimbia. Mahakama itauliza alikuwa umbali gani, alikuwa ameelekea wapi, risasi iliingilia mbele au mgongoni, ulipiga kelele kwanza au la. Jeraha la mgongoni ni vigumu sana kulieleza kuwa ni kujilinda. Akishuka na panga akakufuata, mambo yamebadilika, na hapo ndipo sheria inasimama upande wako.

Unaweza kumkamata. Raia ana mamlaka ya kumkamata anayetenda kosa mbele yake au anayeharibu mali yake, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Ukishamfunga kamba haki yako ya kutumia nguvu imekwisha. Kila kofi baada ya hapo ni shambulio, na umati ukimuua, waliopiga wanaweza kushitakiwa kwa mauaji pamoja. Wahini kuita 112 na kumwita mwenyekiti wa kijiji, na kaa kati yake na umati.

Kuhusu mlinzi, leseni haimtaji. Akikamatwa nayo, nyote wawili mna kesi. Ukitaka ulinzi wa bunduki, ingia mkataba na kampuni iliyosajiliwa ambayo silaha zake zina leseni ya kampuni. Kwa machungwa yaliyokomaa, walinzi wawili wenye tochi kali, filimbi na mbwa, pamoja na mnunuzi anayevuna kwa tarehe mnayokubaliana, huokoa zaidi kuliko risasi.

Huku kwetu Handeni nguruwe pori wanamaliza mahindi, na karibu kila nyumba ina gobore. Mwaka huu tumesikia la kusalimisha. Nikilipeleka nitafungwa?
*Mkulima, Handeni*

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Serikali yetu imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha. Sikiliza tarehe za tangazo, kwa sababu msamaha unakulinda ndani ya muda huo tu. Mpigie au mwendee mtendaji wa kijiji kwanza, mwende pamoja, gobore liwe tupu na limefungwa kwenye gunia, na uondoke na hati ya kupokelewa.

Na usilisikitikie. Mabomba ya chuma yanayotumika kuwa mtutu wa gobore hayakutengenezwa kuhimili msukumo wa baruti, mengi yana mshono kwa urefu, na kila yanapofyatuliwa ufa unakua ndani bila kuonekana. Siku yanapopasuka hupasukia usoni na kwenye mkono wa kushoto wa mwenye kulishika. Kwa nguruwe, ripoti kwa mtendaji na ofisi ya wanyamapori ya wilaya, uombe askari wa wanyamapori. Kwa wanyama waliotajwa kuwa hatari, kama tembo, kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa. Piga picha shamba siku ileile, kabla hamjapanda tena, vinginevyo mthamini atakuta udongo mtupu.

Sina haja ya bunduki. Nataka nyumba ya kupanga Mikanjuni isivunjwe. Nondo zinatosha?
*Mpangaji, Mikanjuni*

Nondo za milimita 12, zikiachana sentimita 10, na ncha zake zikizama ndani ya ukuta badala ya kuchomelewa kwenye fremu nyembamba, zinamchosha mwizi. Mlango wa mbao hung'oka kwenye bawaba mara nyingi kuliko kwenye kitasa, kwa hiyo tia skrubu ndefu zinazofika ukutani, na komeo juu na chini. Taa ya sola nje imulike mlango na dirisha la jikoni.

Lakini dirisha moja la chumba cha kulala liwe na geti la ndani linalofunguka, ufunguo ukining'inia mahali pasipofikiwa kutoka nje. Moto ukishika jikoni, nondo zile zile zinazomzuia mwizi zinawafungia watoto. Zimamoto ni 114.

Usiku saa nane askari waligonga, wakasema wanatafuta silaha, wakapekua vyumba vyote bila karatasi. Hawakupata kitu. Mtu afanye nini hali kama hiyo ikitokea?
*Baba wa familia, Chumbageni*

Fungua mlango, sema kwa sauti ya kawaida, usiwazuie kwa mwili. Kumzuia askari ni kosa jingine, na litafunika lalamiko lako zuri.

Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura 20, upekuzi wa kawaida unahitaji hati ya mahakama au idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo. Hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, labda mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Ipo njia ya dharura bila hati, pale askari anapoamini kwa sababu za msingi kwamba ushahidi utapotea akichelewa na jambo lenyewe ni zito. Silaha ni jambo zito, kwa hiyo askari watalitaja. Swali linalobaki ni kama dharura ilikuwepo kweli: taarifa waliipata lini? Kama waliijua tangu asubuhi, walikuwa na kutwa nzima ya kutafuta hati.

Omba kuona vitambulisho, uandike majina na namba. Omba shahidi asiye askari, yaani balozi, mwenyekiti au jirani, aamshwe kabla hawajaingia ndani. Omba askari waonyeshe mifuko yao mbele ya shahidi. Askari makini hulikubali hilo, kwa kuwa linamlinda na yeye. Wapekue chumba kimoja kimoja, wewe na shahidi mkiwapo. Wakitawanyika vyumba vitatu kwa wakati mmoja, sema papo hapo kwamba huoni kinachofanyika. Mwanamke apekuliwe na mwanamke.

Kitu kikichukuliwa kiandikwe kwenye hati ya kukamata mali, na upewe stakabadhi. Soma kabla ya kutia saini. Chora mstari chini ya kitu cha mwisho ili lisiongezwe jingine, andika saa karibu na saini yako, na kama kuna kitu hukubaliani nacho liandike hilo hapohapo. Usisaini karatasi tupu kwa sababu yoyote. Mahakama ya Rufani imewahi kuutupa ushahidi uliotokana na upekuzi uliovunja utaratibu, lakini pia imewahi kusema kwamba hati iliyosainiwa na mwenye nyumba inaweza kuziba pengo la stakabadhi. Ndiyo maana saini yako ina uzito kuliko ubishi wako.

Ukichukuliwa, una haki ya kuambiwa kosa, kumjulisha wakili, ndugu au rafiki, na kunyamaza baada ya kutaja jina na anwani. Mahojiano yana muda wa saa 4, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, na maelezo ya onyo, yaani yale unayoandikishwa polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda hupingwa mahakamani. Kwa makosa yanayodhaminika, polisi wanapaswa kukupa dhamana kama hawawezi kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24. Dhamana hailipiwi. Anayedai fedha ya dhamana, ripoti TAKUKURU kwa namba 113.

Mkuu wa wilaya alitusikia tukilalamika kwenye mkutano kuhusu ardhi, akaamuru "kamata, weka ndani saa 48". Ana mamlaka hayo?
*Wanakijiji, Pangani*

Mamlaka anayo, ila ni membamba kuliko yanavyotumika. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, Sura 97, inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuamuru mtu akamatwe pale anapoona kuna hatari ya kuvunjika kwa amani ambayo haizuiliki kwa njia nyingine. Kulalamika mkutanoni, hata kwa ukali, peke yake si kuvunja amani, na Ibara ya 18 ya Katiba inalinda maoni.

Saa 48 si adhabu aliyopewa aitoe. Ni ukomo wa kukufikisha mbele ya hakimu, na usipofikishwa unaachiwa. Anayeamuru anatakiwa kuandika sababu zake na kumpa hakimu nakala. Ukishaachiwa usikamatwe tena kwa sababu hizohizo, na kuyatumia mamlaka haya vibaya ni kosa la jinai.

Kwa hiyo ndugu za waliokamatwa waende kituoni wakiwa wawili, waulize mambo matatu na kuyaandika: kosa lililoandikwa kitabuni, saa ya kuingia mahabusu, na aliyetoa amri. Kisha mmoja aende kwa hakimu wa wilaya kuuliza kama amepokea sababu za maandishi. Swali hilo tu, likiulizwa kwa heshima na mtu mwenye daftari, limewahi kufungua milango. Saa 48 zikipita bila hakimu, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, kanda ya Tanga, kuomba amri ya mtu kuletwa mbele ya mahakama na anayemshikilia kueleza kwa sheria ipi. Wasio na uwezo wa wakili waulize ustawi wa jamii wilayani juu ya msaada wa kisheria uliowekwa na sheria ya 2017.

Mtaa unatutoza mchango wa ulinzi shirikishi kila mwezi. Asiyelipa anatishiwa mgambo. Ni halali?
*Mama lishe, Kange*

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria. Waombe waonyeshe sheria ndogo iliyopitishwa. Ikiwa ipo, lipa na udai stakabadhi. Ikiwa ni makubaliano ya kikao tu, ni hiari, na mgambo hana kazi kwenye hiari. Tunakushauri uchangie hata hivyo ukiweza, na uombe mapato na matumizi yasomwe mkutanoni.

Mdogo wangu alipigwa akiwa mahabusu, mkono umevunjika. Tunataka kuishitaki Serikali. Tunaogopa tutapoteza muda.
*Kaka, Duga*

Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mateso, bila kujali ametuhumiwa kwa nini. Mpelekeni Bombo leo, atibiwe kwanza. Fomu namba 3 ya polisi, ile PF3, ndugu anaweza kuifuata mgonjwa akiwa anahudumiwa. Kituo kilekile kikikataa kuitoa, nendeni kituo kingine au kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Daktari aandike ukubwa, rangi na mahali pa kila jeraha, kwa kuwa "maumivu ya mwili" hayathibitishi kitu. Piga picha za majeraha siku ya kwanza na ya tatu, michubuko huonekana zaidi ikishaiva. Tunzeni nakala ya eksirei, karatasi za dhamana zenye saa ya kuingia na kutoka, na majina ya waliokuwa naye mahabusu.

Lalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ni bure, ila Tume haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani, hivyo amueni mapema njia ipi inatangulia. Kwa kesi ya fidia, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura 5, inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua. Notisi itaje tarehe, mahali, kilichofanyika, madhara na kiasi mnachodai. Nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, na mtunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Baada ya siku hizo kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima awe miongoni mwa wadaiwa. Kesi nyingi hufutwa kwa kasoro hizo tatu: notisi fupi, mahakama isiyo sahihi, Mwanasheria Mkuu kusahauliwa. Ukomo wa madai ya aina hii ni miaka 3 tangu siku ya tukio, na siku 90 zinaanza kuliwa humo, kwa hiyo msingoje mwaka wa tatu.

Mkishinda, hamwezi kukamata gari wala jengo la Serikali. Mtaomba hati ya mahakama inayoonyesha kiasi, iwasilishwe wizara husika na Hazina kwa ajili ya malipo. Andikeni barua ya kukumbusha kila robo ya mwaka wa fedha, mkitaja namba ya shauri na tarehe ya hati, na mpeleke moja mapema kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa.